Jicho Lisilopiga Hodi

Mzee Funguo, mwenye nyumba, alikuwa akisikika kabla hajaonekana. Kiunoni alining'iniza kitita cha funguo kizito hata akawa anatembea ameinamia upande mmoja kama kibanda kilichochoka, na alipokanyaga ua, chenge! chenge!, panya waliokuwa wakigombana darini walinyamaza wakakaa kwa adabu. Wapangaji waliishi naye kwa raha kwa sababu hiyo hiyo. Funguo zikilia, unajistiri, unasogeza ndoo njiani, unameza maneno uliyokuwa ukimsema, halafu yeye anafika mlangoni, anapiga hodi, unamkaribisha na meno yote nje. Paka mwenye njuga hali panya. Balaa lilianza siku Mzee Funguo alipojipatia jicho lisilo na njuga.

Balaa hilo liliwagusa wote wa ua ule, ila lilimkaba hasa fundi cherehani wa chumba cha mwisho, mjane ambaye watu walimwita Bi Pindo. Jina alipewa na kazi yake. Pindo la Bi Pindo lilikuwa halifumuki. Gauni lilichakaa likawa tambara, tambara likadekiwa sakafu mpaka likaisha lote, na pindo likabaki peke yake limejilaza chini kama nyoka, halijaachia uzi hata mmoja. Kuna mama aliyeapa kwamba lake alilifanya kamba ya kufungia mbuzi, na mbuzi akafa kwa uzee.

Cherehani aliirithi kwa mama mkwe wake, na amri moja juu yake: "Mshonaji ana macho mawili, mdomo hana." Bi Pindo akaishika amri hiyo kuliko alivyoishika ndoa. Mafundi wengine wakikupima kiuno huitaja hesabu kwa sauti, wasaidizi wakasikia, wapita njia wakasikia, ukifika sokoni unaulizwa umenenepea wapi. Yeye hapana. Alipima kwa uzi, akafunga kifundo penye kiuno, kifundo penye nyonga, kifundo penye bega, akautia uzi kwenye kopo. Kiuno cha mtu, alisema, si tangazo la msiba. Basi wanawake wakamwamini. Walimletea mimba ambazo hazijatangazwa, makovu, matumbo ya kuzaa, mgongo uliopinda tangu utotoni, naye kila kitu alikifunika kwa kitambaa na kukaa kimya.

Chumba chake alikichagua kwa ajili ya mwanga. Kilikuwa na dirisha moja la kuangalia uani. Nusu ya chini aliifunga kwa pazia fupi lililonyooka kama sare ya askari, nusu ya juu akaiacha wazi, maana sindano haitungwi gizani. Kwenye ukuta wa ndani kabisa alisimamisha kioo kirefu, akakilaza kidogo kuelekea kona iliyo nyuma ya mlango, na kwenye kona hiyo ndipo wateja walipovua na kuvaa. Ukisimama uani hata kwa kujinyoosha kwa ncha za vidole, huoni kitu.

"Wa kunichungulia hapa hajazaliwa," alikuwa akiwaambia wateja, "labda twiga."

Basi twiga akaja. Zilikuwa zimeibwa nguo kwenye kamba uani, shuka mbili na sketi mpya ya msusi wa chumba cha pili kutoka mwisho, na wapangaji walipiga kelele hadi Mzee Funguo akaenda mjini akarudi na kamera. Aliipandisha kwenye boriti ya paa la upande wa pili, juu kabisa, kitu cheusi kama korodani ya fahali, chenye kijitaa chekundu kisichozimika. Watu walipiga makofi. Bi Pindo alipiga kuliko wote, na ngazi aliishika yeye mwenyewe ili mzee wa watu asianguke.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Kamba haikuguswa tena. Kilichobadilika kilikuwa kidogo, cha kuonwa na mtu anayeishi kwa kuangalia mishono: funguo za Mzee Funguo zilikuwa hazilii sana uani siku hizi. Alikaa nyumbani kwake, nyumba ya mbele, na alipokuja alikuwa anajua.

"Bi Pindo, jana ulikula umechelewa," angesema akipita. Au, "Naona umehamisha meza."

Mara ya kwanza aliitikia. Mara ya pili aliitikia huku sindano imesimama hewani. Meza aliihamisha, ni kweli, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Akamwangalia mzee anavyoondoka na moyo ukamwambia, hapa pana uzi umetoka. Akajiambia pengine mzee alisikia meza ikikokotwa. Mtu hujifariji kwa chochote kilicho karibu.

Mteja wake mkubwa wakati huo alikuwa Mwalimu, mama wa makamo anayefundisha watoto wadogo shule ya jirani. Mwalimu aliugua, akapasuliwa, na titi moja likaondolewa. Watu waliambiwa ameenda kumwuguza ndugu. Aliporudi alikuja kwa Bi Pindo jioni moja, akasimama kwenye kona, akavua bila kusema, na Bi Pindo akatazama, akachukua uzi wake akapima kama anavyopima siku zote. Tangu hapo alimshonea blauzi zenye mfuko wa siri ndani, wenye pamba iliyobanwa na kulainishwa hata mwenyewe alisema inapumua. Mtaani hakuna aliyegundua.

"Si aibu inayonikimbiza, Bi Pindo," Mwalimu alimwambia. "Ni pole. Watu wakianza kunipa pole, wataniangalia kifuani wakiongea nami mpaka nife. Na watoto wa darasani wataambiwa na mama zao. Nataka kuulizwa mambo ya hesabu tu."

"Hapa hakitoki kitu," Bi Pindo akasema, na pini mdomoni.

Zilikuwa zimebaki wiki chache mkutano wa wazazi shuleni ufanyike, na Mwalimu alikuwa ameagiza blauzi ya kijani kwa siku hiyo. Siku ya kuja kujaribisha ikapita, hakuja. Ikapita na ya pili. Bi Pindo akaitundika blauzi ukutani ikiwa na mkono mmoja, akaitazama, ikamtazama.

Asubuhi yake alikuwa bombani akikinga maji. Mzee Funguo akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Yule mwalimu wako haonekani siku hizi." Mzee akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa. "Maskini wa Mungu. Kumbe amepitia makubwa hivyo kifuani, na anatembea kama hana kitu. Akija umtunze."

Ndoo ya Bi Pindo ikajaa, ikamwagika, ikamlowesha miguu, ikafanya mto uani, bata wa jirani wakaja kuogelea, na yeye yuko pale pale. Alipopata sauti mzee alishaondoka.

Nani amesema? Yeye hakusema hata usingizini, maana alikuwa halali sana. Mwalimu hakusema. Akapiga hesabu zake kama mtu atafutaye sindano iliyopotea kwenye godoro: taratibu, na kwa hofu ya kuipata kwa matako. Hesabu zote zikamfikisha kwenye mlango mmoja.

Msusi wa chumba cha pili waliitwa yeye na mdomo wake kwa jina moja: Redio. Habari za mtaa alianza nazo alfajiri na kufunga nazo usiku, na katikati hapakuwa na muziki. Kati ya chumba chake na cha Bi Pindo ulikuwa ukuta wa mbao tu, ukipiga chafya huku unaombewa afya kule. Redio na Bi Pindo walikuwa mashoga wa kugawana chumvi. Lakini shoga ni shoga, na ukuta wa mbao ni ukuta wa mbao.

Alimkuta mlangoni akisuka.

"Redio, nataka kukuuliza."

"Nina kichwa cha mtu mkononi, dada. Uliza tu, kichwa hakisemi."

"Nani amemwambia Mzee Funguo mambo ya mteja wangu?"

"Mteja yupi?"

"Unamjua."

"Mimi nawajua wote wa mtaa huu mpaka waliokufa. Mtaje jina."

Hapo Bi Pindo akakwama. Kumtaja mwizi kulimlazimu aitaje mali yenyewe, na mali yenyewe haitajwi. Alifungua mdomo akaufunga, akafungua akaufunga, kama samaki kwenye sinia.

"Mambo yake," akasema mwishowe. "Ya mwilini."

Redio akaacha kusuka. "Sasa ndiyo nimekuelewa. Mimi nanena, sikatai. Nanena ya barabarani, ya sokoni, ya waume za watu. Ya chumbani kwako sijawahi kuyagusa, na ninayasikia yote, hata unavyojisemea na cherehani. Na kwa vile umeanza, ngoja nami nikuulize. Nani alimwambia mwenye nyumba kuwa nina paka?"

Paka alikuwa marufuku katika nyumba ile. Redio alimfuga kwa siri, paka mweusi mnene aliyemwita Mpangaji kwa kuwa anakula na kulala bila kuulizwa. Aliyejua ni Bi Pindo peke yake.

"Sikumwambia mtu!"

"Basi nami sikumwambia mtu. Tumetoshana."

Wakanuniana. Redio alizimwa, na ua mzima ukaingia giza la habari; ndoa tatu zilivunjika mtaani na hakuna aliyejua mpaka wenyewe waliporudiana. Bi Pindo alishona akiwa amegeuza mgongo kwenye ukuta wa mbao. Alipokohoa, alikohoa kwa kitambaa. Akipita mtu uani akamsalimu, alijiuliza: huyu ananisalimu nini? Hata mtoto wa jirani aliyemwomba vipande vya kitambaa vya kuchezea, alimtazama mikononi.

Sasa palikuwa na koti la mlinzi wa benki, lililoletwa kubadilishwa kitambaa cha ndani. Mlinzi huyo na Bi Pindo walikuwa na mabega sawa, mapana, Mungu alipokuwa akigawa mabega aliwachanganya. Ili aone kama limekaa, akalivaa mwenyewe. Meza ilikuwa imejaa, sakafu imejaa, akasogea mpaka kwenye ile kona nyuma ya mlango na kujitazama kwenye kioo.

Begani kwake aliona cheche nyekundu.

"Nimeunguza koti la watu!" akapiga bega kwa kiganja, pa! Akatazama bega: koti zima. Akatazama kioo: cheche ipo pale pale. Akapiga tena, nusura ateguke. Ndipo akaifuata ile cheche ndani ya kioo kwa macho, taratibu, kama anavyofuata mshono ulioharibika kutafuta ulipoanzia. Kutoka begani ikatoka dirishani, pale juu palipo wazi. Kutoka dirishani ikavuka ua. Ikapanda boriti. Ikatulia kwenye jicho jeusi la kamera, lililokuwa likimtazama usoni bila kupepesa.

Miaka yote aliyoshona katika chumba kile, fundi alisimama penye fundi. Mahali pa mteja hakuwahi kusimama hata siku moja. Na wateja waliosimama pale walikuwa wakitazama viuno vyao, si nukta nyekundu.

Lakini ukimwona mtu kwenye kioo, naye anakuona. Hilo hata kasuku analijua. Kioo alikiweka yeye, akakilaza mwenyewe, akakifuta kila asubuhi king'ae. Akakaa chini na koti la watu mwilini, akaanza kuwakumbuka waliovulia pale tangu kamera ipande. Bibi harusi. Mwenye mimba. Mama mwenye kovu. Mwalimu.

Alipoweza kusimama aligonga ukuta wa mbao.

"Nani?" Redio akauliza, ingawa ukuta ule una mtu mmoja tu wa kuugonga.

"Ni mimi mjinga. Njoo unitukane, lakini kwanza njoo usimame hapa."

Redio akaja amevimba. Akasimama kwenye kona, akatazama kioo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaongea kwa kunong'ona. "Toba. Ile si ya kamba ya nguo?"

"Ndiyo iliyomwona paka wako akipita. Na ndiyo iliyoona mengine."

"Twende tukamvue nguo mzee yule, naye aonje!"

"Tukienda hivi hivi atasema naona nyota kwa macho kuchoshwa na sindano. Atasema kamera inalinda kamba. Sisi tutakuwa vichaa, yeye atabaki mwenye nyumba." Bi Pindo akavua koti, akalitazama. "Nataka aseme kwa mdomo wake."

Katika chumba kile aliishi mtu wa pili ambaye halipi kodi: sanamu la kupimia nguo, kiwiliwili cha kitambaa kilichojazwa pamba, kwenye mguu mmoja wa mbao, kichwa hakina. Kesho yake asubuhi Bi Pindo akalivalisha koti la mlinzi, akalifunga vifungo, akalipachika sufuria juu badala ya kichwa, akaivisha sufuria kofia ya marehemu mumewe. Akalisimamisha kwenye kona, uso ukutani, kama mtu aliyeadhibiwa. Akalinyoosha pazia lake fupi, akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani, akatoka kukaa uani na pindo la kushonea mkono. Redio akaketi karibu yake akimsuka msichana aliyeolewa juzi, yule yule ambaye Bi Pindo alimshonea gauni la harusi.

Jua halijafika katikati, funguo zikasikika. Zilikuwa zikikimbia.

"Bi Pindo! Masharti ya nyumba hii unayajua!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgeni wa kukaa anatajwa kwangu. Kuna mwanamume chumbani mwako!"

Milango ikafunguka. Wapangaji wa ua ule wangeweza kukosa chakula, si maneno kama hayo.

"Mwanamume?" Bi Pindo akavuta uzi mpaka mwisho. "Nani amekwambia?"

"Sikuambiwa, nimemwona! Tangu asubuhi kasimama kwenye kona. Hakai, hali, hasemi neno. Mtu wa namna hiyo ni jambazi au mwendawazimu."

"Au ni mume mzuri," Redio akasema.

"Umemwonea wapi, mzee?" Bi Pindo akauliza, pole pole. "Mlango umefungwa. Pazia lile pale, limefungwa. Ufunguo huu hapa."

Akautoa kifuani, ukiwa na joto, akaushika juu watu wote wauone. Mzee Funguo alikuwa na mengine ya kusema, mdomo ulishafunguliwa tayari. Akaufunga. Akatazama ufunguo, akatazama pazia, na bila kutaka akatazama juu, kwenye boriti. Watu wote nao wakatazama juu.

Bi Pindo akafungua mlango. "Karibu, msalimie mgeni."

Mzee akaingia, na kwa jinsi alivyochanganyikiwa akasema, "Habari za leo, bwana?" na kunyoosha mkono. Akashika mkono wa koti usio na mkono ndani. Sufuria ikateleza, ikaanguka na kofia yake, ikabingirika mpaka uani, na ua ukalipuka. Walicheka hata Mpangaji akatoka mafichoni mbele ya mwenye nyumba, akakaa.

Halafu yule msichana aliyekuwa akisukwa akasimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Mimi nilivalia pale," akasema. "Gauni la harusi. Nilivua na kuvaa pale pale."

Kicheko kikakatika. Mama mmoja akajikusanya nguo kifuani, wa pili akafanya vivyo hivyo, kana kwamba upepo wa baridi umeingia.

"Kamera ni ya usalama!" Mzee Funguo akasema. "Nyinyi wenyewe mlilia! Mimi natazama kamba tu."

"Basi twende utuoneshe kamba," Bi Pindo akasema.

Wakaenda nyumba ya mbele, yeye na Redio, wengine wakajazana dirishani. Pale penye kiti cha mzee, mbele ya kiti palikuwa na skrini ya kamera, na ua wote umo ndani mdogo kama sinia: bomba, kamba, milango. Ukitazama kwa juu juu huoni baya.

"Tuoneshe jinsi unavyotazama," Bi Pindo akamwambia.

Mzee akanyoosha kidole. Na kidole kile, kabla mwenyewe hajakifikiria, hakikwenda kwenye kamba. Kilikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la chumba cha mwisho, kikalikuza kwa mzunguko mmoja mwepesi wa mtu aliyezoea, na dirisha likaja, na kioo kikaja, na ndani ya kioo ile kona, na kwenye kona lile koti limesimama bila kichwa. Vilionekana hata vifungo.

Mzee alikitazama kidole chake kama kidole cha mtu baki.

Maisha yake yote ya kazi mzee huyu alikuwa mtunza stoo. Kila jioni alihakikisha kila gunia liko mahali pake ndipo akalala. Alipostaafu, na watoto wakaenda zao, hakubakiwa na cha kukagua ila watu. Pengine alianza na kamba kweli. Lakini jicho likipata mlango halirudi dirishani, na hilo Bi Pindo hakumsamehe, siku ile wala baadaye.

"Nyumba ni yangu," mzee akasema, lakini kwa sauti ya chini.

"Nyumba ni yako, hakuna anayekuja kuihamisha. Ila kwenye kile chumba wewe ni mgeni, mzee wangu, na mgeni hupiga hodi. Ulikuwa ukipiga. Nani alikufundisha kuacha?"

Picha za nyuma alizifuta mbele yao, au alisema amezifuta. Kamera akaigeuza, ikatazama lango na barabara. Wapangaji wakaridhika. Redio akaridhika, jioni hiyo alitangaza habari zote alizozilimbikiza, mpaka sauti ikamkauka.

"Imegeuzwa, dada. Lala sasa."

"Shingo iliyogeuka mara moja inaijua njia," Bi Pindo akasema.

Akachukua vipande vilivyobaki vya kitambaa cha koti, akashona kofia. Kofia ya kamera, yenye masikio mawili marefu ya pembeni kama ngozi wanazomfunga punda asitazame kando, na pindo lake akalishona mara mbili. Akapanda mwenyewe kuivisha. Safari hii ngazi aliishika Mzee Funguo, ametazama chini.

Yote hayo yalikwisha na blauzi ya kijani bado imetundikwa na mkono mmoja.

Bi Pindo akaikunja, akaenda kusubiri nje ya shule. Watoto wakatoka, kisha Mwalimu, na begi lake amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Alipomwona fundi wake alibadili njia.

"Mwalimu, nisikilize kwanza."

"Nimesikia vya kutosha. Mzee wa nyumba yenu alinisimamisha langoni kwenu akanipa pole. Nilikuwa nimekuja kujaribisha." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Ulikuwa peke yako unayejua, Bi Pindo. Wewe na daktari. Na daktari hakai kwenye ua wenu."

Basi kumbe huku yeye akimshuku Redio, na Redio akimshuku yeye, kulikuwa na mtu anamshuku zaidi ya wote, na kwa haki. Bi Pindo alitaka kuapa. Akaona kiapo cha mshonaji kina uzito gani, kila mshonaji huapa nguo itakuwa tayari Ijumaa.

"Sitakuapia," akasema. "Twende tu. Usimame mahali pako, utazame mwenyewe. Ukitoka hapo hujaamini, blauzi nitakupa na uzi wako na vifundo vyake, tusijuane tena."

Mwalimu akaenda naye, akitembea hatua moja nyuma.

Chumbani akasimama kwenye kona, begi bado kifuani. "Nitazame wapi?"

"Kwenye kioo. Juu ya bega lako. Toka dirishani, panda mpaka kwenye boriti."

Mwalimu akafuata. Bi Pindo aliona macho yake yakisafiri ndani ya kioo, yakifika, yakisimama. "Ilikuwa inatazama hapa?"

"Siku ile uliyosimama hapo. Kioo nilikilaza mimi. Mdomo sikufungua, lakini mlango nilimfungulia bila kujua, na hilo ni langu."

Mwalimu akainamisha kichwa upande, kama anayesahihisha kazi ya mtoto. "Na kile ilichovaa kichwani ni nini?"

"Kofia. Nimeishonea."

"Ina masikio."

"Ili isigeuke."

Mwalimu alijaribu kujizuia, midomo ikabanwa, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikatoka hata Redio kule ng'ambo ya mbao akauliza kuna nini. Alipomaliza kucheka alifuta macho, na si kwa kicheko peke yake. Akaliweka begi chini.

"Kigeuze hicho kioo kwanza," akasema.

Bi Pindo akakigeuza kikatazama ukuta. Akatundika kitambaa juu ya pazia, akaziba dirisha lote, chumba kikawa na giza la mchana, akawasha taa. Mwalimu akavua, akainua mikono, na fundi akaanza kupachika mkono wa pili wa blauzi kwa pini.

Nje funguo zikalia. Chenge, chenge. Zikasimama mlangoni.

"Hodi."

Bi Pindo akachomeka pini moja.

"Hodi hapa?"

"Nani?"

"Mimi. Mwenye nyumba."

"Nakufahamu. Unataka nini?"

"Nimeletwa na... nilitaka kuomba radhi. Kwa Mwalimu, nimemwona akiingia." Mzee akakohoa haraka. "Nimemwona kwa macho yangu, nikiwa langoni! Nimesimama langoni kwa miguu yangu!"

Bi Pindo akamtazama Mwalimu. Mwalimu, mikono juu, akatikisa kichwa: bado.

"Hodi jamani?"

"Hodi tumeisikia, mzee. Karibu bado. Kaa hapo hapo."

Akachukua pini nyingine kwenye kopo, akaitafutia mahali pake bila haraka yoyote. Nje, funguo zikalia kidogo, zikatulia, zikalia tena, za mtu anayebadilisha mguu wa kusimamia.